Sifuri ya Upande wa Kusini

Skrini ilionyesha sifuri: upande wa kusini wa mgodi hakuna mtu. Mimi, niliyekuwa nakusanya vikombe vya chai, nilijua mwanangu Musonda ameteremka huko asubuhi, na Musonda akipanda juu hanipiti bila kunisalimu. Hakuwa amenisalimu.

Katika mgodi wetu taa ya kila mchimbaji hutuma jina lake juu kupitia ruta, visanduku vya mtandao, na baruti hailipuliwi mpaka majina yote yaondoke kwenye skrini, wenyewe wakiwa wamepanda juu. Bwana Jere, msimamizi wa zamu, alishatia ufunguo kwenye swichi ya kulipulia.

"Ngoja, mla panya," alisema Kapambwe, fundi wa mtandao, macho kwenye kompyuta yake. "Hiyo sifuri siiamini."

"Mbemba na nyani wake! Ruta mpya umefunga mwenyewe leo, sasa unaikana?"

"Naikana."

Jere akacheka. Mngoni kama Jere na Mbemba kama Kapambwe ni watani, na hao wawili sijapata kuwasikia wakisemezana neno bila tusi.

"Mwanangu yuko kule," nikasema.

"Mama Musonda, wameshatoka," alisema Jere. " Simu ya kule chini nayo haina wa kuipokea."

"Labda wako njiani, wanatembea!"

Nikashika rozari. Marehemu mume wangu alitolewa shimo hilohilo, amefunikwa blanketi.

Jere akatazama saa, mkono ukaenda kwenye ufunguo.

Kapambwe akasimama. "Bwana Jere," alisema taratibu, "nakuomba, mzee wangu."

Jere akamkodolea macho. Cheko likamtoka usoni, na mkono ukashuka.

"Sema."

"Ruta ya huku nimeiandikia njia ya kwenda kusini. Ya kule nimesahau kuiandikia njia ya kurudi. Tunauliza, wanajibu, jibu halijui pa kupita."

Akaingia kwenye ruta ya katikati, jirani ya ile ya kusini, na kutoka hapo akaifikia, akaanza kuiandikia njia. Akakosea namba, akafuta, akaandika upya. Nilisali kwa sauti, hakuna aliyeninyamazisha.

Sifuri ikatoweka. Mwape. Chisha. Kabaso. Majina yakazidi kujipanga, nami nikiyasoma kwa taabu, mpaka nikaliona: Musonda.

Jere alichomoa ufunguo, akakaa chini sakafuni palepale. Kapambwe hakumtania.

Nilisimama mbele ya skrini nikilitazama jina la mwanangu, nikimwomba Mungu aliondoe.