Jino la Ustadh Behrang

Kwetu Isfahan nai, ile filimbi ya mwanzi, haipulizwi kwa midomo mitupu. Mpigaji huibana kwa meno ya mbele, na jino likimgomea hana kazi tena. Ndiyo maana jino la Ustadh Behrang lilipotoboka, siku kumi kabla ya kurekodi wimbo alioutunga mwenyewe, wa kwanza kukubaliwa katika miaka yake sitini, alikwenda mbio kwa Daktari Mahin, binti wa jirani.

Ilikuwa Ijumaa, zahanati imefungwa. Mahin akauacha wali wake mezani, akaja kumfungulia. Akamtia ganzi, akaliziba jino, kisha akamwekea karatasi ya buluu kinywani.

"Hebu uma, Ami Behrang. Limekaa juu? Likigonga kabla ya mengine litakusumbua."

Kweli alihisi kama kuna kijiwe. Lakini mtoto wa watu chakula chake kinapoa, naye aanze kumkosoa?

"Halina mfano, binti yangu! Mikono yako isichoke."

"Usinionee haya. Likiuma, rudi kesho."

"Nife kabla sijakusumbua tena!"

Sisi kwa adabu hatujambo, tutazikwa nayo. Hakurudi. Aliacha maji baridi, akanunua dawa ya mswaki ya meno yanayoshtuka, akatafunia upande mmoja. Kazi bure, maana kila alipofumba kinywa, jino lile ndilo lililopigwa kwanza. Siku ya nane hata hewa ilimchoma.

Siku ya tisa mkewe, Shahla, akamkokota kwa Mahin. Daktari akaligusa tu, Behrang akaruka kitini.

"Ami, siku ile lilitaka kusuguliwa dakika mbili tu!" Mahin alikuwa karibu kulia. "Sasa mshipa wa ndani unakufa. Nitautoa, lakini nai uiweke kando kwanza."

"Na kesho je?"

"Kesho usahau."

Alikwenda studio hivyo hivyo. Akaibana nai, maumivu yakampanda hadi jichoni, sauti ikakatika. Mara tatu. Ardalan, kiongozi wa kundi, akamshika bega.

"Pumzika, ustadh. Fidla itashika nafasi yako."

Behrang akakaa nyuma ya kioo kusikiliza. Aliomba, na aliona aibu kuomba, fidla iharibu. Haikuharibu. Wimbo wake ulitoka mzuri, mzuri kweli, na ndani yake hamkuwa na pumzi yake hata moja.