Maneno ya Mtani Makaburini

Watakaompa Faustina kura, wakifiwa wajichimbie kaburi wenyewe. Hayo ndiyo maneno yaliyoshuka kutoka ng'ambo ya juu ya barabara, yakamkuta Yusta anapanga nyanya kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, na tangu siku hiyo hayakumtoka. Akikoroga uji anayasikia. Akimgeuza mama mkwe wake, aliyekuwa hoi kitandani, anayasikia zaidi, maana kwenye nyumba ile msiba ulikuwa umeshapiga hodi, unangoja kukaribishwa tu.

Aliyeyaleta ni jirani yake, Verediana. Yusta alimuuliza kayasikia kwa nani. Kwa shemeji yake. Na shemeji je? Kwa mtu aliyekuwepo makaburini walipomzika mzee Rabson wa ukoo wa mume wa Yusta, mazishi ambayo Yusta hakwenda kwa sababu ya mgonjwa. "Lisemwalo lipo, mama Mercy," Verediana akamalizia, kana kwamba methali ni ushahidi.

Lingekuwa la kucheka, ila Sosthenes, mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa anatetea kiti chake, ndiye huyo huyo kiongozi wa chama cha kufa na kuzikana. Akipuliza filimbi, vijana wanatoka na majembe. Masufuria makubwa na maturubai yanalala kwake. Ilula mtu anaweza kuishi bila mwenyekiti. Bila watu wa kumzikia, ataishije?

Na kura yake Yusta alikuwa ameshaiweka moyoni. Faustina, muuza nyanya mwenzao, alisema akipata kiti atasimamia jambo moja: meza za nyanya zirudishwe nyuma ya mtaro na mabasi yapate pa kusimama, ili mabinti waache kukimbizana nayo kwenye lami wakiuza. Sosthenes naye aliahidi hilo hilo kila kampeni, na kampeni ikiisha, linalala naye. Msimu uliopita lori la Tunduma lilipita karibu na Mercy, binti wa Yusta, hadi likamng'oa sado mkononi. Nyanya zikawa rojo barabarani, na mtoto kasimama katikati anacheka. Anacheka! Tangu hapo kila honi ikilia, Yusta aliacha kazi akachungulia barabara.

"Mama, kura ni siri," Mercy alimwambia. "Kwani Sosthenes ataingia na wewe mle ndani?"

Yusta alimjibu kwamba siri ya Ilula ni ile ambayo haijamfikia Verediana.

Siku ya kura mama mkwe aliamka amekataa hata maji. Yusta akaenda, akashika karatasi, moyoni akamwona Mercy kwenye lami. Kisha akamwona bibi yake Mercy amefariki, amelazwa sebuleni, siku inaisha, nyingine inaingia, na uani hakuna hata mtu mmoja mwenye jembe. Akampa Sosthenes. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeiba kuku wa padri.

Sosthenes alishinda hadi ikawa aibu. Ng'ambo ya juu kapata, ng'ambo ya chini kapata, hata kwa wauza nyanya kapata.

Wiki ile ile bibi akafariki, na watu walikuja wote. Wa kwanza alikuwa Faustina, na mzigo wa kuni kichwani. Akainama kwenye mafiga kupuliza moto wala hakumtazama mtu kwa jicho baya. Wanawake walikuwa wanachambua mchele. Mmoja akamwambia Faustina polepole amsamehe kwa kumnyima kura, mume wake ana presha, aliogopa. Mwingine akasema yeye ana baba mzee. Wa tatu alikuwa na mimba, na mimba ina mawili. Yusta akaweka ungo chini. Hata Verediana alikiri: alijua wote watampa Sosthenes, akaona asibaki peke yake.

Faustina akafuta macho, moshi ulikuwa umemwingia.

"Sasa jamani, mngenipa wote, angebaki nani wa kugoma kuchimba?"

Walirudi kuchambua mchele.

Huko makaburini, jeneza lilipofika, Danieli, mtani wa ukoo, akarukia shimoni, akakaa na koleo magotini. Akasema bibi hashuki mpaka alipwe jogoo, maana marehemu alimnyima pombe ya ulanzi tangu ujana. Akasema wote waliokuja na viatu vya kung'aa, wakifa, wajichimbie wenyewe. Watu wakacheka, hata wafiwa, kama ilivyo desturi. Yusta peke yake hakucheka. Maneno hayo aliyajua.

Mazishi yalipokwisha akamfuata. Akamuuliza kama ni yeye aliyesema vile juu ya Faustina siku ya mzee Rabson.

"Nilisema, shemeji," Danieli akajibu huku anapangusa udongo. "Siku hiyo hiyo nilisema mzee kaniachia mke wake na ng'ombe zote. Hilo mbona hamkulibeba?"

Sosthenes alikuwa amesimama hapo hapo. Yusta akamgeukia: yeye hakuyasikia hayo maneno yanazunguka kitongoji kizima? Aliyasikia. Kwa nini basi asiyakanushe?

"Hakuna aliyeniuliza, mama," akasema, akaenda kuhesabu maturubai yake.

Kesho yake tanga halijaanuliwa, basi la Mbeya likapiga honi, na Mercy akachomoka na sado mkononi kukimbia nalo sambamba. Yusta alisimama mlangoni hadi alipomwona anarudi.

Uchaguzi ujao Mercy naye atapiga kura. Mama yake amemwachia haya ya kuepuka, na mwingine mwenye binti barabarani naye ayachukue:

Usibebe neno la makaburini ukaacha kicheko chake.

Usiulize "kasema nani" ukaishia kwa shemeji wa mtu.

Usimwogope jirani kabla hujamuuliza yeye anaogopa nini.

Usimpe mtu kiti kwa sababu ana masufuria.

Usimwamini anayenyamazia uongo kwa kuwa unamfaa.

Usikimbilie basi ambalo halijasimama.