Kiti cha Dereva

Gari la kubebea viti lilikufa mwaka ule ule alipokufa mwenye gari. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Likasukumwa uani karibu na kamba ya kuanikia nguo, na kuku wakaligeuza nyumba yao.

Mjane aliyeachiwa gari hilo walimwita Mama Viti, kwa kuwa yeye na marehemu mumewe walikuwa wakikodisha viti vya plastiki na maturubai kwa watu wenye arusi na wenye misiba. Sasa viti vilikuwa vimepandana sebuleni mpaka vikaziba dirisha. Aliyevihitaji ilimpasa avifuate mwenyewe na mkokoteni, na wengi waliona taabu, wakaenda kwingine.

Bintiye, aliyeolewa mbali, kila akipiga simu wimbo ulikuwa ule ule. "Mama, njoo ukae kwangu. Upumzike."

Mama Viti alikuwa ameshayaonja mapumziko hayo. Unakaa kwenye kochi, unaletewa chai, ukiinuka kuosha kikombe unanyang'anywa kikombe. Binti alikuwa na mapenzi tele, hilo hakubisha. Lakini kila alfajiri alipopiga magoti alimwambia Mungu, "Wewe unajua nataka kubaki hapa na kazi yangu. Basi nionyeshe njia."

Jibu, kama lilikuwa ni jibu, lilikuja limevaa ovaroli lililotobolewa na cheche. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea mwenye karakana mtaa wa pili. Alilizunguka gari, akaligonga ubavuni, akatega sikio kama daktari.

"Shemeji, hili halijafa lote. Limekufa kichwa tu, mwili ni mzima. Tulikate kichwa, tuliwekee mkono wa chuma mbele, liwe trela. Muuza maziwa akishamaliza kugawa maziwa yake asubuhi, pikapu yake inalala tu. Atakuvutia viti vyako."

"Na wewe kichwa chako ni kizima?"

"Changu kilianza kuharibika siku kaka alipokuoa."

Mama Viti akacheka, akaenda kuwafukuza kuku.

Binti aliposikia hakukataa, ila alitia sharti kwenye simu. Jumamosi kulikuwa na arusi, na wenye arusi walitaka viti vyote. "Baba mdogo, viti vikifika na kurudi salama, mama abaki na mambo yake, sitasema tena. Visipofika, Jumapili nakuja kumchukua." Fundi akajibu, "Haya, mwanangu," kama mtu aliyeombwa chumvi. Mama Viti alikuwa kando akisikiliza.

Kazi ikaanza. Fundi alishusha injini na gia boksi, akang'oa magurudumu ya mbele. Grinda ya kukatia chuma ikalia uani kutwa, cheche zikiruka mpaka kwenye mashuka yaliyoanikwa. Akaikata pua yote ya gari, mahali pa kioo cha mbele akachomelea bati, na chini akafunga mkono wa chuma wa kuvutia, mnene kama paja. Lakini nyuma ya lile bati jipya aliacha chumba cha dereva kama kilivyokuwa, na viti vyake viwili, usukani na milango.

"Hapa nimekuachia wewe, shemeji," akasema, macho yake yakitazama kando. "Ukumbusho. Nilijua ungeumia."

Mama Viti akashukuru, ingawa hakuwa amemwomba.

Ijumaa asubuhi muuza maziwa alirudi nyuma na pikapu yake taratibu, trela likapakiwa viti, likafungwa. Jeki ilipotolewa, pikapu ilikaa kitako chini na pua yake ikaelekea mbinguni.

"Jamani!" akalia muuza maziwa. "Pikapu yangu inaomba dua!"

Majirani waliokuja kutazama wakashika mbavu. Hata Mama Viti alicheka, kisha akakumbuka Jumamosi ni kesho, kicheko kikamkauka.

"Si kitu," akasema Fundi huku akijifuta jasho. "Uzito umeegemea mbele. Tuvisogeze viti vyote nyuma, mlangoni kabisa."

Wakavisogeza. Pikapu ikanyooka, watu wakapiga makofi, muuza maziwa akatoka nayo kwenda kuijaribu barabarani. Hakukawia. Alirudi mdogo mdogo kama mtu anayebeba mayai, uso umempauka.

"Ukiongeza mwendo tu, linatikisa mkia. Linanivuta huku, linanisukuma kule. Mama Viti, nakuheshimu, lakini mimi nina watoto."

Simu ikaita. Alikuwa ni binti. "Mama, nguo umeshaanza kukunja?"

"Nakunja," akasema Mama Viti, na kweli alikuwa ameshika shuka. Shuka la kuanua.

Alikaa kwenye kizingiti na shuka lake mapajani, akatazama. Kutazama ndiyo ilikuwa kazi yake ya miaka yote. Aliweza kukijua kiti chenye ufa hata kabla ya mtu kukikalia. Na siku zote hizo za kazi kulikuwa na jambo ameliona asilitilie maanani. Kwenye bodi la gari, nyuma tu ya chumba cha dereva, palikuwa na alama ya chaki iliyochorwa na kufutwa, ikachorwa tena, ikafutwa tena, na vumbi lake jeupe lilikuwa kwenye mkono wa ovaroli la Fundi. Tena kila mchana, Fundi hakula kivulini. Alikula chakula chake mle ndani, sahani gotini, mkono mmoja juu ya usukani usiokwenda popote. Mama Viti alidhani anakimbia jua.

Hata sasa alikuwa amekaa mle mle, amejiinamia.

Mama Viti akamimina chai vikombe viwili, akafungua mlango wa pili, akaketi kando yake.

"Shemeji, hebu nieleze kama mtoto. Tatizo liko wapi?"

"Magurudumu yamebaki nyuma mno, na huku mbele kuna chumba kizima kinaning'inia."

"Na ukikata hapa, nyuma yetu?"

Fundi alikunywa chai kwanza. "Magurudumu yatakuwa karibu na katikati. Nyuma yake kidogo, ndivyo inavyotakiwa."

"Ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua."

"Kwa nini hukukata?"

"Nilikuogopa wewe."

"Mwongo mkubwa! Mimi nilifungua mdomo nikakukataza?"

Fundi akaupapasa usukani. "Kiti hiki ndicho kaka alichonifundishia gari. Yeye amekaa hapo ulipo. Kila nikikosea gia, kofi la kisogo." Akajishika kisogo. "Nikileta grinda hapa, shemeji, mkono unakataa. Unakataa tu."

Watu wote walikuwa wakiuchunga moyo wake, wa huyu hakuna aliyeuulizia.

"Mimi kila nikiosha viti namwona," akasema. "Kila nikisali namtaja. Grinda haiwezi kuninyang'anya mtu huyo. Wala wewe haitakunyang'anya."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli la Fundi, akatoa chaki, akashuka, akachora mstari kwenye bodi kutoka juu mpaka chini.

Fundi akachungulia. "Umepinda huo."

"Basi unyooshe, si wewe ndiye fundi? Ila kwanza fungua boliti za viti hivi vyote viwili. Viti hatukati."

Mambo ya usukani hakuyataja. Fundi akaung'oa mwenyewe, akaufunga kwenye gunia. Kisha akavaa miwani yake, na Mama Viti akainua mikono palepale. "Mungu, uimarishe mkono wa huyu, na vidole vyake vibaki vyote."

"Amina," akasema muuza maziwa, "na pikapu yangu pia."

Jua lilipozama mkono wa chuma ulikuwa umeshafungwa upya. Jumamosi trela lilifuata nyuma ya pikapu kama mbuzi aliyezoea kamba. Mama Viti alikuwa mbele, akilitazama kwenye kioo cha pembeni njia nzima, na kila kona alikuwa akisema, "Asante, Bwana," mpaka muuza maziwa naye akaanza kuitikia.

Binti alikuwepo arusini, amekuja kujionea mwenyewe. Alikalia kiti, akayumba makusudi, akamtazama mama yake chini ya kope. "Mama, hiki kibovu."

"Simama nikupe kingine. Ninavyo vingi."

Jumapili hakuja na gari la kubeba mizigo. Alikuja mikono mitupu, wakaenda kusali pamoja, na walipotoka wakapitia kwa baba mdogo. Walimkuta mlangoni mwa karakana. Vile viti viwili alikuwa amevifunga sakafuni kwa boliti, na yeye ameketi kile cha dereva, usukani mapajani.

"Shemeji, panda!"

"Unakwenda wapi?"

"Popote."

Mama Viti akakusanya kanga yake, akaketi kando yake, akajiweka sawa. Mkono wake akauinua nyuma ya kisogo cha Fundi, tayari.

"Haya, endesha. Ukikosea gia, utanitambua."