Jina Kabla ya Wimbo

Kwetu Ifakara, wimbo wa mtu aliyekufa hauimbwi mpaka umtaje mwenyewe kwanza. Hata mtoto anajua. Kaka yangu Apolinari alijua pia. Lakini mwaka 1955, alipokuja mnunuzi wa nyimbo kutoka Nairobi na mashine yake ya kunasa sauti, kaka alimuuzia nyimbo zote kumi na mbili za marehemu bibi yetu Balbina, akatia sahihi kwamba amezitunga yeye. Akaziimba bila kumtaja bibi. Nilimkanya, akanicheka. Sikio la kufa halisikii dawa!

Baada ya mavuno santuri ya kwanza ikaletwa. Tulijazana dukani mchana kweupe, mpunga umeanikwa nje. Apolinari mwenyewe akaweka sindano, anatabasamu kama bwana harusi.

Hatukusikia sauti yake. Tulisikia kikohozi, kilekile cha bibi, tuliyemzika miaka saba nyuma.

Kaka akainua sindano haraka. Sauti haikukoma. Bibi alisafisha koo taratibu, kisha akatangaza kama desturi yetu inavyotaka:

“Wimbo huu ni wa marehemu Apolinari.”