Moto wa Kushika Nafasi

Babu wa binti muuza viazi alianza na mkokoteni. Mama yake akaendeleza kazi kwa baiskeli ya magurudumu matatu, na sasa yeye ana gari zima la bati, lenye dirisha la kuuzia na mlango wa komeo. Viazi ni vilevile. Sheria ya mtaa nayo ni ileile: nafasi yenye moto haichukuliwi. Ukienda sokoni au mazishini, acha makaa yakiwaka, na hata adui yako atapita mbali.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, yeye na mama yake wakafunga dirisha. Ng'ambo ya barabara, mkaanga samaki alikuwa ameegesha gari lake jipya, macho yote kwenye kona yao. Halafu mafuta ya kukaangia yakaisha.

"Mama, tuzime jiko niende dukani. Kichwa kinanigonga tangu tufunge."

"Kinakugonga kwa uvivu. Nizime, yule bwana atuingilie hapa kabla majivu hayajapoa?"

"Basi acha mlango wazi."

"Mvua iuzime moto? Nimekulea kwa moshi huu, mbona hujafa? Nenda, mwanangu, urudi upesi."

Alishuka, na nyuma yake akasikia komeo likifungwa. Alipovuta hewa mara mbili tatu, kichwa kikaanza kuwa chepesi. Hapo akasimama. Moyo ulimwambia rudi, lakini aliogopa kugombezwa mbele ya mkaanga samaki, ilhali naye ni mtu mzima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa. La kufanya mkuu akikosea, hakuna anayetuambia. Mkokoteni wa babu haukuwa na kuta, na moshi wake ulikwenda zake. Gari lina kuta nne na paa, na hakuna aliyekaa chini akalifikiria hilo.

Dukani palikuwa na foleni. Alisimama akihesabu vichwa vya watu. Alipopata mafuta alirudi akikimbia, madimbwi yakimrukia hadi magotini.

Mkaanga samaki alikuwa amesimama kwenye mvua, hatua chache kutoka kwenye gari lao.

"Moto wenu bado unawaka, nauona kwenye ufa," alisema, kama anayejitetea. "Sijasogeza hata tairi."

"Mama!" Alipiga mlango kwa viganja. "Mama, fungua!"

Alitupa dumu la mafuta, akaung'ang'ania mlango, yule bwana akaja na nondo. Komeo likang'oka. Mama alikuwa amelala palepale kizingitini, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Wakamtoa mvuani, wakamwita, wakamtikisa. Maji yakamjaa usoni na hakupepesa macho.

"Alisema nini?" binti aliuliza. "Hukusikia chochote?"

Mkaanga samaki alikuwa bado ameshika nondo.

"Aligonga bati, dada. Mara ya kwanza kwa nguvu, halafu taratibu. Nikarudi nyuma. Nilijua ananifukuza."