Ba ya Bimdogo

Msiniambie habari za madrasa zenu za feni na viti vya plastiki. Mimi Fatu nilisoma Chilangala, barazani kwa Bimdogo, Mwingereza bado yuko bomani Newala, na chuo kama kile sijakiona tena. Tukichoka alituchomea korosho, moshi ukatutoa machozi, tukala na masizi yake. Maji ya kufutia mbao zetu za kuandikia tuliyapandisha kichwani kutoka bondeni, kwa hiyo hakuna aliyefuta aya kabla haijamkaa moyoni. Jamani, siku zile! Nazililia.

Bimdogo alikuwa Mmakonde hasa. Alipokuwa binti, kabla hajasilimu, alitobolewa mdomo wa juu akavaa ndonya, kile kipande cha mti cha duara. Aliposilimu alikivua, lakini tundu lilibaki. Akitamka herufi "ba," pumzi ilimtorokea tunduni, naye akawa anausukuma mdomo mbele ili kuizuia. Sisi tulijifunza kwa kumtazama. Basi wote, wakubwa kwa wadogo, tukifika kwenye ba tunachomoza mdomo wa juu! Tulidhani herufi imeteremshwa hivyo hivyo.

Siku yangu ya kuhitimu Kurani, mbuzi ameshachinjwa, pilau iko jikoni, akatokea Mwalimu Swalehe. Alikuwa kijana wa Lindi, lori limemleta kupitia Nanganga na Masasi, anatafuta mahali pa kufundisha. Wazee wakamkaribisha asikilize. Nikafungua, "Bismillahi..." Akanitazama mdomo. Wenzangu wakaitikia, akawatazama na wao. Akacheka mpaka akashika kofia yake.

"Hii ba ya wapi? Nani kawafundisha?"

"Bimdogo," nikasema.

"Mwanamke! Ndiyo maana. Basi huyu hajahitimu kitu. Chuo hiki kifungwe, watoto waanze upya kwangu."

Nilitaka kumrukia, walahi. Mama akanishika kanga kwa nyuma. Nikawatazama wazee, kila mmoja anachezea tasbihi yake. Na Bimdogo hakuwa na mtoto, mume alishamzika, hakuwa na kitu duniani ila chuo kile. Kumnyang'anya ni sawa na kumzika angali hai.

Bimdogo hakupandisha sauti. "Mwalimu, nikuulize. Kurasa za Kurani, kabla msahafu haujanakiliwa na kupelekwa miji yote, zilikuwa zimewekwa kwa nani?"

Swalehe akaiweka kofia yake sawa. "Kwa Bi Hafsa, mke wa Mtume."

"Na huyo Hafsa kuandika alifundishwa na nani?"

"Na Bi Shifaa."

"Na masahaba walipotatizwa na jambo la dini, wazima na ndevu zao, walikwenda kumuuliza nani?"

"Bi Aisha," akajibu, sasa anatazama mkeka. "Lakini wale ni wale, bibi. Wewe ni wewe."

Hapo ndipo aliposimama Mzee Bwanali, imamu wetu. Mzee mkali yule, hata mbuzi walimpisha njia. Akajikohoza. "Mwalimu Swalehe, nakuomba unitazame vizuri. Bismillahi Rahmani Rahimi."

Mdomo wa juu ukamchomoza! Ijumaa zote tulizosali msikitini kwake tulidhani ni meno yanamsumbua.

"Nilisoma kwa mama huyu nikiwa mtu mzima," akasema. "Yeye ndani, mimi nje, kati yetu jamvi limetundikwa. Niliona haya kuwaambieni. Sasa kama aliowafundisha hawajasoma, basi na mimi niondoke mbele yenu, mtafute imamu mwingine."

Nani angethubutu? Wazee wote wakapata sauti ghafla: chuo kibaki, chuo kibaki! Swalehe akainama, "Nisamehe, bibi." Mimi nikaanza kupiga vigelegele, nikamtolea Swalehe na ulimi kidogo, Mungu anisamehe.

Bimdogo akaninyamazisha kwa mkono. "Ngoja, Fatu. Kuhusu mwanamke amekosea. Kuhusu herufi amesema kweli. Maneno ya Mungu hayawezi kuharibika kwa sababu mimi naona aibu. Mwalimu, tutolee ba."

Swalehe akaitoa, midomo imekutana kidogo tu, ikaachana. Watoto wakajaribu, wapi! Midomo ilichomoza vilevile. Mimi nikajaribu mara ya kwanza, ya pili, halafu ikatoka safi. Swalehe akatikisa kichwa kukubali.

Bimdogo akaondoka kwenye mkeka wake wa kufundishia. "Njoo ukae hapa."

"Mimi? Sitaki! Hapo ni pako."

"Chuo ni changu na tafsiri nitawapa mimi. Lakini herufi watazisikia kwako. Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Naye, mama mzima, nywele nyeupe, akachukua ubao akaenda kuketi katikati ya watoto, mstari wa mbele, akaupakata.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Sikuweza kuitikia marahaba. Ningeitikiaje? Nililia mbele ya watu wote.

"Usilie, fundisha," akaniambia. "Anza na mimi."

Nikaanza naye. Kila asubuhi alikuja na ubao wake, na ile ba haikumtoka sawa mpaka anakufa, na mwanafunzi kama yule sikumpata tena.