Cheri Zilizobaki Baada ya Kuchuja

Nawaambia akina mama wenye watoto wadogo, hasa ninyi ambao kila mwezi wa saba mnaweka cheri kwenye pombe kama tunavyoweka sisi. Msidhani mkishaficha chupa mmemaliza. Kwetu chupa ilifichwa, na mtoto hakuigusa.

Huku vilimani hakuna nyumba isiyo na mtungi wa vishinata, pombe yetu ya cheri. Zile cheri chachu zikiiva tunazichuma, tunatoa vikonyo, kokwa tunaziacha ndani. Tunapanga kwenye mtungi wa kioo cheri kidogo, sukari kidogo, cheri tena, sukari tena, tunafunga mdomo kwa kitambaa na kuuweka dirishani juani. Sukari ikishayeyuka na maji mekundu yakapanda, ndipo tunamimina pombe kali, na mtungi unahamia stoo kwenye ubaridi. Hapo hauguswi mpaka miti imepukutika. Mama mkwe wangu, Safta, huchuja mwezi wa kumi na moja, sikukuu ya Malaika Mikaeli na Gabrieli, kwa sababu mzee wake anaitwa Gavril, ndiye Gabrieli kwa lugha yetu, na siku hiyo ndiyo ya jina lake. Wageni wanakuta vishinata mpya mezani. Na pombe yake si ya dukani. Ni gongo ya plamu anayoipika mzee mwenyewe, ile ukiisogezea kiberiti inawaka.

Binti yangu Ilinca alikuwa na miaka mitano. "Chupa ya babu usiguse," tulimwambia tangu anatambaa, na alishika. Siku ya sikukuu kazi yake ilikuwa kupitisha sinia. Kwetu mgeni akiingia, hata koti hajalivua vizuri, anapewa kisahani chenye jemu ya matunda mazima, kijiko kidogo na glasi ya maji baridi. Ilinca aliipenda kazi hiyo kwa kuwa wageni walimwachia vijiko alambe. Jemu yetu nayo ni ya cheri, na inakaa stoo ndani ya bakuli.

Asubuhi ile mama mkwe alichuja. Cheri zilizobaki hakuzitupa. Nani anatupa cheri? Tena ukizimwaga uani mabata bukini wanakula, wanalala miguu juu, na majirani wanakucheka mpaka Pasaka. Alizitia kwenye bakuli, akazinyunyizia sukari, akazifunika kitambaa ziwe za keki ya Jumapili. Bakuli akaliweka kwenye rafu ya chini, pembeni ya jemu. Ukiyatazama yale mabakuli mawili, hata mimi nisingejua lipi ni lipi mpaka niiname ninuse.

Mchana nyumba ilijaa. Alikuwepo Toader, msimamizi wetu wa ndoa, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na majirani kadhaa, na mume wangu Sandu, na mzee Gavril kichwani pa meza akiwamiminia. Mimi nilikuwa jikoni nikiangalia sufuria ya kabichi zilizoviringishiwa nyama. Niliwasikia wakicheka. Nikajua ni vicheko vya kawaida vya siku ile.

"Mwoneni huyu!" Toader alikuwa anapiga kelele. "Mwoneni mjukuu wa Gavril! Hata mwendo kauchukua kwa babu yake!"

"Na wewe mwendo wangu umeujulia wapi," mzee akamjibu, "kama si kwa kuwa tunarudi nyumbani tumeshikana?"

Wakacheka tena. Niliingia na sufuria nikamwona Ilinca katikati ya chumba akizunguka, gauni la sikukuu limepanuka, sinia tupu iko chini. Alikuwa anaimba wimbo wa shule ya chekechea, maneno hayafuatani. Akagonga kiti, akaanguka, akacheka, akainuka, akaanguka tena.

"Cheza, mama, cheza!" Sandu anapiga makofi.

"Huyu ana nini?" nikauliza.

"Ana furaha," mama mkwe akasema. "Mtoto akifurahi nayo ni kesi?"

Ilinca alikuwa ameingia chini ya meza. Nikainama nimtoe. Akanitazama kama ananitafuta mahali pengine, nyuma yangu. Nilipomnyanyua kichwa kikalala begani kwangu, na pumzi yake ikanifikia shingoni. Ilinuka kama ule mtungi.

"Nani kamnywesha huyu mtoto?"

Mzee akaiweka chini chupa aliyokuwa akimiminia.

"Shika adabu," mzee akasema taratibu. "Hapa hakuna anayemnywesha mtoto."

"Basi nanusa nini? Sandu, mnuse mwanao!"

Sandu akamsogelea, akamnusa, akatazama chupa. Chupa zote zilikuwa juu ya meza, mbele ya watu wazima. Nikampa mtoto, nikakimbilia stoo. Kitambaa kilikuwa kimefunuliwa. Bakuli limepungua kwa upande mmoja, kama limechotwa kwa mkono. Na kwenye ukingo wa dirisha, kokwa. Tulimfundisha asimeze kokwa, na alitii. Alizitema moja moja akazipanga mstari, safi kabisa, zimelambwa zikang'aa. Nilianza kuzihesabu nikaacha.

Sikieni hapa, ndugu zangu. Tunda lililokaa kwenye pombe tangu kiangazi si tunda tena. Limeinywa pombe, limeificha ndani ya nyama yake, na juu limejaa utamu, kwa hiyo mtoto hasikii ukali wa kumfanya ateme. Mtu mzima anakula tatu nne akitaniana na wenzake. Mtoto anajaza kiganja.

Niliporudi, Ilinca alikuwa amelazwa kitandani nyuma ya jiko, chali, macho yamefumba. Amenyamaza. Wimbo umekatika.

"Kala cheri za kwenye bakuli," nikasema. "Nyingi."

Mama mkwe akajipiga goti, nusu kucheka. "Loo! Kaziona wapi? Haya, mwache alale. Akiamka kichwa kitamuuma, hatarudia."

"Mama, mtoto wa miaka mitano!"

"Mimi nimelea wanne. Wote walionja. Huyo mumeo aliwahi kulala siku nzima kwenye nyasi za ng'ombe, na amekufa? Mwache alale, mkwe."

"Mwache alale," Toader naye akaitikia. "Usingizi ndio dawa."

Nikamshika mikono. Ilikuwa baridi, na chumba kina joto la jiko mpaka madirisha yanatoka jasho. "Ilinca." Hakuna kitu. Nikamfinya sikio. Mtoto huyu ukimgusa sikio akiwa amelala anakurushia teke. Hakunirushia.

"Sandu, washa gari."

Sandu akasimama, akashika ukingo wa meza. Nilimwona akiutafuta mlango kwa macho. Alikuwa akionja tangu asubuhi, tangu mama yake anachuja na baba yake anashika faneli.

"Nitaendesha mimi," Toader akasema, funguo mkononi. Akapiga hatua moja, akakosea ya pili.

"Kaa chini, Toader."

"Barabara hii naijua hata nikifumba macho!"

"Ndivyo utakavyoiendesha. Kaa chini!"

Nikatazama meza nzima. Wanaume wenye magari wote walikuwepo, na hakuna aliyekuwa mzima. Mimi sijawahi kushika usukani. Nikapiga simu ya dharura, nikaikosea mara mbili. Akapokea mwanamke, sauti ya mtu aliyetulia.

"Anapumua?"

"Anapumua. Polepole."

"Anaamka ukimwita?"

"Haamki."

"Mlaze ubavu, mama. Ubavu, si chali. Mfunike blanketi. Usimtapishe, usimpe kitu chochote mdomoni, hata maji. Kaa naye umwangalie kifua. Gari linatoka sasa hivi. Kwenu linafika?"

"Linafika darajani tu. Juu ni tope, hata magari yetu tunayaacha hapo."

"Basi mtamshusha. Usikate simu."

Nikamgeuza ubavu, nikaweka simu juu ya mto. Na hapo nikasikia mfuniko wa pipa la kabichi unasukumwa. Mama mkwe akaja na kata mkononi, imejaa maji ya kabichi yaliyochacha, anayowapa wanaume wetu kila asubuhi baada ya harusi. Ni dawa ya nyumba zote za huku. Hata mimi nimewahi kumpa Sandu.

"Mgeuze uso juu," akasema. "Haya yataikata pombe."

"Kasema asipewe kitu."

"Nani kasema?"

"Mwanamke wa simu."

"Mwanamke wa simu anamjua mjukuu wangu?" Akapiga goti kitandani, akamshika Ilinca kidevu, akaanza kumgeuza. "Mfungue mdomo. Kidogo tu, mpaka yapite kooni."

Tangu niolewe sijawahi kumpandishia sauti mama yule. Chakula nimepika anavyotaka, kuta nimepaka rangi anayotaka. Nikaupiga mkono wake. Kata ikaruka ikagonga jiko, maji yakachemka juu ya chuma, chumba kizima kikanuka kabichi.

"Umenipiga?"

"Sandu, mtoe mama yako hapa!"

"Umenipiga mimi, ndani ya nyumba yangu?"

Sandu alisimama katikati yetu, mikono imening'inia, akimtazama mmoja, akimtazama mwingine. "Mama," akasema.

Na Ilinca akatapika. Bila kuamka. Hakukohoa, hakufumbua jicho, mwili wote ulilegea kama kitambaa kilicholowa, na mdomoni zikatoka cheri, nyingine nzima kama zilivyomezwa, zikateremkia kwenye mto kwa sababu alikuwa amelala ubavu. Nikamfuta mdomo kwa kidole. Nilisubiri kifua. Hakikupanda. Nikamwita. Kikapanda.

Mama mkwe alikuwa bado amepiga goti palepale. Aliutazama ule mto, halafu akaitazama kata kule chini ya jiko. Uso wake uliisha damu. Kama angekuwa chali, na maji yale kooni... hakuhitaji kuambiwa.

"Nipe upande wa miguu," akasema.

Tulimviringisha kwenye blanketi la sufu. Nilimbeba mimi, ubavu, uso wake umegeukia nje ili akitapika tena matapishi yasirudi kooni. Mama mkwe alitangulia kwenye tope, ananinyooshea mkono nyuma kila penye utelezi, na mama yule ana magoti mabovu. Sandu alitufuata ameshika simu, akimwambia yule mwanamke, "Anapumua. Bado anapumua," wakati mwingine kabla hata hajaulizwa. Juu kule wanaume walikuwa wametoka nje, wamesimama uani na kofia mkononi. Hakuna aliyecheka tena.

Gari lilikuwa linageuza darajani tulipofika. Kijana mmoja akamtoboa kidole akapima damu, akatazama kile kipimo, akamwambia mwenzake, "Sukari imeisha. Weka dripu haraka." Mlango ukafungwa. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Nilimwona mama mkwe kupitia kioo, tope mpaka magotini, anasema kitu ambacho sikukisikia.

Hospitali daktari alinieleza, nami nawaeleza kama nilivyopokea. Mtoto akila pombe, sukari ya damu inashuka. Mnamwona amelala, kumbe anazimika. Maji ya kabichi, kahawa, maziwa, kidole kooni, vyote hivyo vinaweza kumsonga. Ubavu, blanketi, simu, basi. Na usimwache peke yake hata umsikie anakoroma.

Vishinata sikatazi. Mwaka ujao tutaweka tena, cheri ndizo riziki ya kiangazi chetu. Lakini siku ya kuchuja, cheri zikitoka kwenye mtungi zisipate bakuli, zisipate sukari, zisipate rafu. Na awepo mtu mmoja mwenye leseni ambaye hajaonja, hata wenzake wamwite padri.

Jioni Ilinca alifumbua macho. Akatazama ule mpira ulioingia mkononi mwake, akatazama miguu yake, akauliza kwa hasira nani kamvua viatu vya sikukuu. Nililia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Simu ikalia. Mama mkwe.

"Anapumua?"

"Ameamka, mama. Anakula biskuti."

Akasema, "Mpe simu."

Nikaiweka sikioni mwa mtoto. Sauti ya bibi yake nilikuwa naisikia vizuri. "Sema kitu, roho yangu. Sema kingine. Chumba kina rangi gani? Na kitanda? Kuna mtoto mwingine? Anaitwa nani? Muulize."

Ilinca alijibu yote, ila macho yalikuwa yameanza kuwa mazito. Nikaichukua simu.

"Mama, ana usingizi. Daktari amesema sasa anaweza kulala."

"Usimwache alale."

"Daktari amempima. Huu ni usingizi wa kawaida."

"Usimwache alale, mwanangu. Nakuomba. Mwongeleshe."

Kwa hiyo nikairudisha simu sikioni mwa Ilinca, nikaishikilia, na bibi yake akaendelea kumuuliza juu ya kitanda na pazia, hata baada ya mtoto kuacha kujibu, mpaka nikaisogeza simu karibu na pua yake ili mama yule asikie pumzi.